Singh wa Njia ya Mashuru



Safu hii aghalabu huzungumzia malezi, unyumba na maswali ya fikihi yanayotoka majumbani. Wiki hii tumemwomba mhariri radhi tuzungumze juu ya dereva wa mashindano ya magari, naye hakuwa Mwislamu. Tunajua wapo watakaouliza sheikh ameingiwa na nini. Tunawasihi wawe na subira, kwani ndani ya kisa hiki mna kosa, na mwenye kosa ni sisi.

Ilikuwa Machi 1988, mwishoni mwa Rajabu ya mwaka 1408. Tulikuwa na umri wa miaka 20, tumemaliza chuo huku pwani na kupelekwa Kajiado kusomesha watoto wa Waislamu wenye maduka. Anayeiona Kitengela ya leo, yenye majumba ya ghorofa na foleni za magari hadi usiku, hawezi kuisadiki Kitengela ya wakati ule. Kilikuwa kituo kidogo kando ya barabara ya Namanga, maduka machache, na ng'ombe wa Wamasai wakivuka lami kwa wakati wautakao wao. Ukiipita wafika Isinya, kisha Kajiado yenyewe na reli yake iendayo Magadi, kisha Bissil, kisha mpaka. Nje ya lami hiyo moja njia zilikuwa za udongo. Na udongo wa nyanda zile ni ule mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na mvua ikinyesha hugeuka gundi.

Basi tuliitwa upande wa Mashuru, mashariki ya Kajiado, kusoma Miraji nyumbani kwa muuza duka mmoja ambaye asili yake ni huku kwetu. Mkewe alikuwa mja mzito, mimba ya kwanza. Siku ya pili baada ya Miraji uchungu ukamshika, na kufikia alasiri ya siku ya tatu mkunga wa pale akasema maneno ambayo kila mama anayasoma hapa anayajua: huyu apelekwe hospitali, tena sasa. Ikakodiwa pikapu, Peugeot 404 iliyokwisha chakaa. Mgonjwa akalazwa nyuma juu ya godoro, wifi yake akamshika kichwa, mume na sisi tukakaa pembeni, turubali juu yetu. Mvua za masika zilikuwa zimewahi mwaka ule. Hatukwenda mwendo wa saa moja, gari ikazama hadi ekseli.

Tulisukuma. Tulikata matawi ya migunga tukayatia chini ya magurudumu. Tulivua viatu, na udongo ukavila. Magharibi ikaingia, tukasali kwa zamu huku miguu yetu imefunikwa na tope, na yule mama nyuma ya pikapu alikuwa ameacha kupiga kelele. Aliye mzazi anafahamu kwamba kunyamaza huko kulitutisha kuliko ukelele.

Ndipo tukaona taa, nyingi, zimepangwa mbele ya gari kama sinia, na tukasikia muungurumo wa injini uliokuja kwa kasi isiyoelezeka katika tope lile. Lilikuwa gari dogo la Datsun lililotapakaa hata rangi yake isijulikane. Likatupita. Likaturushia maji na matope usoni, likapotea kwenye giza, nasi hatukushangaa, kwani tulijua ni watu gani hao.

Hapa yafaa tuwaeleze vijana. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na miaka ya mwanzo ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ikafanywa kila Pasaka, wakati wa mvua. Haikuwa kama hii iliyorudi Naivasha mwaka 2021, ambayo njia zake hufungwa na polisi wakasimama. Ile ya zamani ilikimbizwa katika barabara hizi hizi tunazopita sote, maelfu ya kilomita, usiku na mchana, ng'ombe na matatu na watoto wa shule humo humo. Majuma kadhaa kabla ya Pasaka madereva walizipita njia hizo kuzikagua, kila kona na kila korongo ikaandikwa daftarini. Kajiado na nyanda zake zilikuwa katika njia hizo mara nyingi. Na sisi, kwa ujana wetu na kilemba kipya cha ualimu, wiki ile ile tulikuwa tumewakemea wanafunzi wetu kwa kukimbilia barabarani kuyatazama magari hayo. Tuliwaambia ni laghwi, upuuzi wa watu wasio na kazi.

Gari lililotupita likarudi. Lilirudi kinyumenyume, taa zake nyekundu zikiyumba, likasimama hatua chache kutoka kwetu mahali ambapo ardhi ilikuwa ngumu kidogo. Akashuka kijana mwenye kilemba, Kalasinga, ndevu nyeusi tii. Hakusalimu. Alimulika nyuma ya pikapu kwa tochi, akamtazama yule mama, akazima tochi kwa heshima. Akamuuliza mume, "Tangu lini?" Akaambiwa tangu juzi.

Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, kinyoofu, hakina mapambo. Alisema pikapu hii haitoki usiku huu kwa kamba yake, na kwamba akikaa kujaribu mama atakufa. Kisha akafanya jambo ambalo tumelikumbuka miaka yote. Gari lile lilikuwa na viti viwili tu vya mbele, na nyuma vyuma vya kukinga paa, magurudumu mawili ya akiba, jeki, madebe ya petroli na masanduku ya vipuri. Akavitoa vyote, kimoja kimoja, akavitua njiani kwenye mvua. Mali ya mtu asiye tajiri, vipuri ambavyo bila hivyo hawezi kuendelea na kazi yake. Akamshusha na msoma ramani wake, kijana wa Kikamba, akamwambia akae na vitu na akae nasi. Tukamlaza mama nyuma juu ya godoro lililokunjwa, wifi akaketi mbele, nao wakaondoka. Wifi husema hadi leo kwamba kijana yule, ambaye tulimwona akija kama mshale, aliendesha njia nzima kama mtu aliyebeba mayai kwenye sinia.

Msoma ramani akabaki nasi chini ya turubali. Alikuwa na chupa ya chai na mkate, tukagawana. Tulimuuliza ilikuwaje wakarudi, na mashindano yako karibu, na wao wana hesabu ya dakika. Akatuambia hawakuwa wameona vizuri mara ya kwanza. Walipokwisha pita, mwenzake alisema ameona mkono wa mwanamke. Kisha, kupitisha usiku, akaanza kutusimulia juu ya Joginder Singh.

Joginder tulimjua. Nani asiyemjua? Mwaka 1976 tulikuwa na umri wa miaka minane, tukiendesha vigari vya waya mitaani huku pwani, na kila mmoja wetu alitaka kuwa yeye. Tulikuwa tukiiba kanga za mama zetu tukajifunga vilemba. Redio ilipotangaza kwamba ameshinda, na kwamba magari mengine mawili ya Mitsubishi kama lake yamefuata la pili na la tatu, yakiendeshwa na Robin Ulyate na Andrew Cowan, tulizunguka msikiti mbio hadi tukachapwa. Lakini tulijua ushindi tu. Yule kijana wa Kikamba alijua mengine.

Alituambia kwamba Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, baba yake akiwa fundi wa magari aliyetoka Punjab, naye akajifunza kazi chini ya magari kabla ya kujifunza juu yake. Kwamba mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia Safari na Volvo iliyokwisha tumika, gari ambalo lilikuwa limepigwa na Safari ya mwaka uliotangulia, wakapewa namba moja, na wakashinda. Akashinda tena 1974 na Mitsubishi Lancer, gari dogo mbele ya mashine kubwa za Ulaya. Wa pili siku ile alikuwa Björn Waldegård katika Porsche. Na kwamba jambo lililowafanya mafundi wamheshimu kuliko vikombe vitatu ni hesabu nyingine: aliingia Safari mara 22 na akafika mwisho mara 19. Yapo mashindano ambayo magari yaliyofika mwisho hayakuzidi saba. Mtu wa kufika mara 19 si mtu wa kasi tu. Ni mtu anayejua lini apunguze.

Kisha akasema neno lililokaa moyoni mwetu. Joginder, kabla ya kuwa bingwa, aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani na kuwasaidia walioharibikiwa. Mshahara wake wa kwanza wa barabarani, akasema, ulikuwa wa kusimama. "Na huyu wangu," akasema, akimkusudia dereva aliyempeleka mgonjwa wetu, "humfuata Joginder kwa kila kitu." Akatutajia jina la mwenzake. Mvua ilikuwa ikipiga turubali. Tulilisikia, tukaitikia, na hatukulitia moyoni. Tulibaki na Singh.

Mnaofahamu elimu ya hadithi mtaiona aibu yetu. Tulikuwa tumehifadhi silsila za wapokezi, mtu kutoka kwa mtu kutoka kwa mtu, watu waliokufa karne nyingi zilizopita, nani mkweli na nani msahaulifu, na tulijivunia hifadhi hiyo. Jina la mtu mmoja aliyesimama mbele yetu katika tope tulilipoteza kabla ya alfajiri.

Alirudi usiku wa manane. Mtoto amezaliwa, msichana, mama yuko hai. Alikuwa amengoja mlangoni pa wodi hadi aliposikia mtoto analia, akamwachia muuguzi fedha za maziwa, na koti lake likabaki limemfunika wifi. Asubuhi jua lilipotoka alitusaidia kuitoa pikapu, akarudisha vitu vyake ndani kimoja kimoja, akavifuta tope kwa kitambaa. Mume wa yule mama alitoa fedha zote alizokuwa nazo. Hakuzigusa. Alicheka, akasema ampigie mtoto picha siku moja amwonyeshe. Hakusema amwonyeshe wapi, nasi hatukuuliza. Pasaka ile Safari ilishindwa na Mwitaliano, Miki Biasion, katika Lancia. Hatujui kama kijana wetu hata aliianza.

Sasa tazameni namna habari inavyobadilika. Siku ya akika ya mtoto, baba yake alisimama kusimulia. Alikuwa chini ya turubali pamoja nasi, amechoka, amesikia "Joginder" na amesikia "Singh" katika usiku mmoja. Akasema, "Mwanangu aliletwa duniani na Joginder Singh, Simba mwenyewe." Watu wakapiga takbira na vigelegele. Wanazuoni wa hadithi wana jina la kasoro hii: idraji, maneno ya msimulizi kuingia ndani ya habari hata yasitambulike tena. Baba akatugeukia mbele ya watu wote, akasema, "Au si hivyo, maalim?"

Tulijua kuwa si hivyo. Joginder wakati huo alikuwa na miaka 56, na Safari zake 22 zilikuwa zimekwisha. Aliyesimama alikuwa kijana hajafika 30. Tena kila mwanamume wa Kikalasinga hubeba jina la Singh, kama sisi tunavyobeba "bin". Lakini sinia za pilau zilikuwa zimekwisha pita, nyuso zilikuwa na furaha, na tukatabasamu tukanyamaza. Sheria yetu inajua kwamba kunyamaza kwa anayeulizwa mbele ya watu ni kukubali.

Tulinyamaza miaka 35.

Mtoto akakua na kisa chake. Shuleni aliandika insha juu ya Joginder. Alipoolewa, mama yake alikisimulia tena kwa wakwe. Akahamia Kitengela na mumewe, akafungua duka la madera na mabuibui, na ukutani mwa duka akatundika picha ya ile Volvo namba moja, imekatwa gazetini. Oktoba 2013 Joginder alipofariki London, alitupigia simu analia kama aliyefiwa na babu. Tukampa pole. Hapo palikuwa mahali pa kusema, na hatukusema; tuliona si wakati wake. Shetani wa ukimya hana wakati wake kabisa.

Kisha ukaja ukame. Mvua zilikuwa zimeshindwa misimu mitano mfululizo, na aliyepita barabara ya Namanga mwanzoni mwa 2023 aliona mizoga ya ng'ombe pande zote mbili, tangu nje ya Kitengela hadi ng'ambo ya Bissil. Wanawake walikuwa wakitoka mbali na madumu mgongoni. Bibi huyu, na tumwite hivyo kwani jina lake ni amana, aliuza dhahabu ya arusi yake. Akanunua tangi la lita 10,000, akalijengea msingi wa mawe upande wa Bissil, akaafikiana na mwenye lori la maji alijaze kila wiki. Akatualika tulifungue kwa dua. Na katika simu ile akasema, kwa furaha, kwamba kibao kiko kwa mchongaji: sadaka ya maji kwa kumbukumbu ya Joginder Singh, aliyesimama njia ya Mashuru mwaka 1988.

Ndugu zetu, uongo uliokuwa ukielea hewani sasa ulikuwa unachongwa. Hatukulala. Kabla ya kusafiri tulikwenda Mombasa kwa wifi, ambaye sasa ni mzee, macho yamepungua lakini akili ni ile ile. Wengine wote wamekwenda mbele ya haki, Allah awarehemu. Tukamuuliza bila kumwelekeza, kama shahidi anavyopaswa kuulizwa. Akasema, "Alikuwa kijana. Ndevu hazina mvi hata moja. Joginder ndilo jina alilolipenda kaka yangu, nami sikutaka kumwaibisha." Kumbe tulikuwa wawili tulionyamaza, kila mmoja akimtegemea mwenziwe.

Tulimwambia dukani kwake Kitengela, mumewe akiwapo. Tulidhani atakasirika au atacheka. Alikaa kimya, akaitazama ile picha ya ukutani.

"Sheikh," akasema, "siku alipokufa Joginder mbona hukuniambia? Nililia msiba wa mtu ambaye hajawahi kuniona. Na huyu wangu, kama amekufa, hakuna aliyenipa habari nimlilie."

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi. Alitusamehe kwa ulimi mara moja, na kwa moyo, tunavyoona, ilichukua kitambo zaidi. Ni haki yake.

Kisha akauliza maswali, na ni kwa ajili ya maswali hayo tumeandika safu hii, maana wengi mnaishi na majirani na marafiki wa dini nyingine na mnayauliza. Je, inafaa Mwislamu kumkumbuka na kumsifu asiye Mwislamu? Tukamkumbusha Abdallah bin Urayqit, mjuzi wa njia za jangwani, ambaye Mtume wetu, swala na salamu zimshukie, alimkabidhi ngamia wawili na roho yake siku ya kuhama kutoka Makka. Alikuwa katika dini ya watu wake, na aliwapitisha njia ya pwani hadi Madina salama. Katika hijra yetu kiongozi wa msafara alikuwa mtu huyo, na vitabu vyetu vimehifadhi jina lake na la baba yake. Tukamkumbusha na Mut'im bin Adi, aliyempa Mtume hifadhi aliporudi kutoka Taif na watu wa Makka wamemfungia mlango. Alikufa katika dini yake. Baada ya Badri Mtume alisema wazi kwamba lau Mut'im angekuwa hai akawaombea mateka wale, angemwachia. Na Hassan bin Thabit, mshairi wa Uislamu, alimwimbia mombolezo. Kumlipa mtu kwa kumtaja kwa wema wake ni sunna, wala haina khitilafu.

Akauliza, je, amwombee? Tukamjibu kwa mpaka tulioachiwa: aliye hai aombewe afya, kheri na uongofu, aliyekufa nje ya Uislamu hatumwombei maghfira, tunamwachia Mola wake ambaye ndiye mjuzi zaidi kuliko sisi. Akasema, "Basi mimi nitamhesabu yu hai mpaka niambiwe vingine." Hatukupata katika fikihi yetu cha kumkataza.

Tulijaribu kumtafuta. Siku mbili tulizunguka magereji ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na mtaa wa Ngara, tukiuliza wazee kwa wazee. Walitupokea vizuri. Mmoja, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, alitusikiliza hadi mwisho huku akifuta mikono, akauliza, "Singh gani?" Tukasema ndilo swali lenyewe. Akacheka hadi akakaa. Alitueleza kwamba vijana wa wakati ule walikuwa wengi, wakitengeneza magari wenyewe usiku, wakikopa kwa shangazi na wajomba, wakiingia Safari mara moja au mbili kisha fedha zikaisha wakahamia Uingereza na Kanada. Habari kama yetu, akasema, haimpi dalili yoyote, kwani kusimama lilikuwa jambo la kawaida kwao. Alitupa chai. Tulipotaja kwamba basi letu la kurudi pwani linapita Makindu, akasema tukishuka pale kwenye hekalu lao tutapata chakula bila malipo, cha dengu na mboga, hakina nyama, wala hatutaulizwa dini. Tukamwambia tunapajua, aila zetu zimekula pale tangu zama za babu zetu.

Siku ya kulifungua tangi tulifika Bissil mapema. Wanawake wa Kimasai walikuwa wamekwisha panga madumu mstari mrefu, na punda wamesimama kivulini pa mgunga. Kibao hakikuwapo. Msingi wa mawe ulikuwa na nafasi yake, ya mraba, imelainishwa kwa saruji, tupu. Tukamuuliza kama mchongaji amechelewa. Akasema hapana, amekirudisha, na nafasi itabaki hivyo mpaka jina lipatikane.

Tukasoma dua. Bomba likafunguliwa. Msichana mdogo aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari alipojaza dumu lake, mamake alimwita kutoka mbali, kwa Kimaa, na tukasikia ndani ya maneno yake neno moja tulilolifahamu. Tukamuuliza aliyekuwa akitutafsiria amesema nini. Mafundi waliojenga msingi walikuwa wamekisikia kisa kwa mwenye sadaka, wakakisimulia pale walipokuwa wakipikiwa, na tangi limekwisha pata jina.

"Anamwambia afanye haraka," akasema, "watu wengi wanangoja kwenye tangi la Singh."